Bakuli Lililotiwa Muhuri

Haikou, 22 Novemba 2020

Yuehe,

Simu yako najua iko kabatini kwa mwalimu wa bweni mpaka mtihani wa kuingia chuo uishe, kwa hiyo nimenunua stempu. Mtu wa posta aliniuliza kama naandikia mchumba aliye jeshini. Uso ukapata moto, naye akasema basi amejua.

Kazi nimepata, na aliyenipatia ni mama yako. Aliwaambia wateja wa dirisha lake la tambi wasubiri, akanishika mkono, akanivuta kutoka kantini mpaka Ofisi ya Huduma ya chuo. Alimwambia Mwalimu Pang, ambaye ndiye mkuu pale, kwamba mtoto huyu hasemi, lakini ukimpa kitu abebe hakidondoshi. Nikaandikwa kwa mkataba wa mwaka mmoja. Nabeba chai, nahesabu fagio, nafungua na kufunga stoo. Hapa kila mtu ni Mwalimu. Anayefundisha ni Mwalimu, anayenunua sabuni ya vyoo ni Mwalimu, na mimi wananiita Mwalimu Fu. Kila wakiniita nageuka kumtafuta huyo Mwalimu Fu nyuma yangu.

Kuanzia Desemba mosi kisiwa kizima kinaacha plastiki ya kawaida, na vyuo vya umma vimeambiwa vitangulie. Mifuko, mirija, vikombe, mabakuli, vyote viwe vya plastiki inayooza. Chuo ndicho kinachonunua, na kila dirisha la kantini litatumia vya chuo tu. Wiki iliyopita wauzaji walileta sampuli. Viongozi walihutubia, mimi nikamimina chai. Walichagua bakuli la mtu anayeitwa Meneja Dai, jeupe, jepesi kama ganda la yai.

Halafu nilipata mshtuko. Bakuli lililoshinda huwekwa kwenye boksi, boksi likafungwa kwa utepe, na watu watatu wanaweka sahihi juu ya utepe: ofisi, muuzaji na shahidi. Kisha muhuri mwekundu unapigwa kila kona. Siku yoyote bidhaa zikileta ugomvi, boksi hufunguliwa mbele ya watu walewale watatu, na wote watatu lazima watie sahihi tena kwenye ripoti. Shahidi alitakiwa awe mwalimu wa kemia, lakini alikuwa ameshakwenda darasani. Mwalimu Pang akatazama huku na huku, akaniona na birika. "Mwalimu Fu, njoo utie sahihi." Nikatia. Jina langu likatoka kama limeandikwa ndani ya basi linalokwenda.

Mama yako anakusalimia. Anasema kula.

Rafiki yako,
Shaoling


Danzhou, 6 Desemba 2020

Mheshimiwa Mwalimu Fu, Shahidi Mkuu wa Mabakuli,

Barua yako niliisoma chooni kwa sababu ndipo mahali pekee hapa ambapo hakuna anayenichungulia. Nilicheka peke yangu, na msichana wa choo cha jirani akauliza kama nimechanganyikiwa. Hapa swali hilo huulizwa kwa dhati. Mwaka wa kurudia mtihani si sawa na shule tuliyoijua, Shaoling. Tunakimbia asubuhi tukiwa na karatasi za maneno ya Kiingereza mkononi, tunakula tukiwa na karatasi, na wapo wanaolala nazo usoni. Wageni hawaruhusiwi tangu maradhi ya mwaka huu. Tunachopata ni dakika kumi za simu ya shule kila Jumapili, na foleni ya watu wanaolia.

Dakika zangu kumi unajua zinavyokwenda. Mama anaongea na mimi huku akiuza. "Yuehe mwanangu, unalala... wewe, pilipili au bila pilipili? ... unalala vizuri? ... hapana, nyama imeisha, chukua karanga." Nikikata simu sijui kama nimeongea na mama au nimeagiza chakula.

Utani niuweke kando. Nina ombi. Mwangalie. Huyo mama anasema hajambo hata akiwa na homa inayoweza kuchemsha mifupa ya supu yake mwenyewe. Tangu baba aondoke, dirisha lile ndilo linalotulisha na ndilo linaloilipa shule hii. Mkataba wake unafanywa upya kila Septemba, na kila mwaka kuna watu wanaolitamani. Nikifeli tena nitarudi kuosha vyombo humo, na hilo siogopi. Ninachoogopa ni nifaulu halafu nikute dirisha halipo. Basi kila siku ukienda kula, mtazame, uniandikie ulichokiona. Wewe huwezi kudanganya, ndiyo maana nakuomba wewe.

Shoga yako mwenye macho mekundu,
Yuehe


Haikou, 10 Januari 2021

Yuehe,

Nimekula kwa mama yako leo. Mzima. Amevaa lile koti la zambarau chini ya aproni, na alimfukuza mwanafunzi wa kiume aliyetaka mchuzi wa ziada bila tambi. Alimwambia kama hamu yake ni maji ya moto aende bafuni.

Vyombo vipya vimekuwa kichekesho cha chuo. Juzi mwalimu mmoja wa hesabu alibeba machungwa kwenye mfuko unaooza, akafika katikati ya uwanja, mfuko ukakata tamaa. Machungwa yalitembea mbali kuliko yeye. Wanafunzi wanasema mirija inaoza kabla ya kinywaji kuisha. Mwalimu Pang hakasiriki. Anasema kila kitu kipya huanza na kelele, na kwamba wageni wa mkoa watakuja kututazama, huenda tukapewa kibao cha chuo cha mfano.

Mabakuli, hata hivyo, hayanichekeshi. Supu ya mama yako inachemka, nawe unajua haiuzi vinginevyo, na bakuli likijaa linalainika kiunoni. Alianza kuweka mawili, moja ndani ya jingine. Wiki iliyopita likaja tangazo kwamba ni bakuli moja kwa mteja mmoja, maana kinyume chake ni ubadhirifu wa mali ya umma. Tangazo nililibandika mimi. Alilisoma, akanitazama, akaniuliza kama ofisini kwetu kuna mtu anayekula tambi. Nikasema wanakula wali. Akasema alidhani hivyo.

Nakuombea usingizi.
Shaoling


Haikou, 10 Machi 2021

Yuehe,

Barua hii siitumi. Naiandika stoo, mchana, wakati ofisi nzima imelaza vichwa juu ya meza. Nisipoiandika hapa itanitoka kwenye ile nitakayokutumia.

Jana mchana mama yako aliungua.

Nilikuwa kwenye foleni. Mbele yangu alikuwepo msichana wa mwaka wa kwanza, anataka tambi za kupeleka bwenini. Mama yako akamimina supu, akafunika, akaliinua bakuli kulipitisha dirishani. Nikakiona kitako cha bakuli kikishuka. Hakikupasuka. Kilishuka taratibu, kama uji unavyoteremka kwenye mwiko, na mimi nilikitazama kama mtu anayetazama kitu kwenye televisheni. Kisha supu yote ikaja. Na mama yako akaweka mkono wake chini yake.

Ndicho kitu ambacho hakinitoki. Mtu huondoa mkono penye moto. Yeye aliupeleka, kwa sababu upande wa pili alikuwepo yule mtoto. Mtoto aliungua mguu kidogo. Mkono wa kulia wa mama yako uliungua wote, mbele na nyuma, mpaka juu ya kifundo. Hakupiga kelele. Alimwambia tu yule msichana, "Mwanangu, rudi nyuma."

Sikumbuki nilivyoingia jikoni kwake. Nakumbuka bomba la maji baridi na mkono wake chini yake, na nakumbuka nikiliokota lile bakuli sakafuni na kulitia kifuani mwa koti langu, sijui kwa nini. Bado ninalo. Limekunjamana kama soksi.

Jioni wazazi wa msichana walikuja wakagonga meza ya Mwalimu Pang. Kabla kantini haijafungwa tangazo lilikuwa tayari. Dirisha limefungwa hadi uchunguzi uishe, kwa kuwa mwendeshaji alizidisha moto wa supu. Yuehe, moto wa supu. Meneja Dai akaja na lori akayazoa maboksi yote ya mabakuli yaliyobaki, akashusha mengine mazito zaidi. Hakusema kwa nini mazito.

Uchunguzi ukisema kosa ni la mama yako, Septemba hapewi mkataba. Mwalimu Pang mwenyewe ameniambia, kwa sauti ya chini, kama mtu anayenipa pole.

Nilikwenda hospitali. Mama yako amefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Yuehe asijue."

Nikasema utaniuliza.

"Akikuuliza mwambie nimenenepa."

Nikamwambia wewe ni mtu mzima. Akasema mtoto wa mtihani haambiwi baya, ndivyo watu wote wanavyofanya. Yule jirani yenu, babu yake alizikwa Aprili, na mjukuu akaambiwa siku ya mwisho ya mtihani, getini, akiwa bado ameshika kalamu. Aliniapisha. Nikaapa. Sijawahi kuapa kitu kibaya namna hii.

S.


Haikou, 14 Machi 2021

Yuehe,

Mama yako hajambo. Amenenepa.

Dirisha lina watu wengi kama kawaida. Jana nilikula kwake, akanipasulia mayai mawili ndani ya supu, tamu sana. Hali ya hewa ni ya unyevu, kuta zinatoka jasho, nguo hazikauki. Mimi pia sijambo. Ofisi haijambo. Soma sana.

Shaoling


Danzhou, 4 Aprili 2021

Shaoling,

Leo ni siku ya kusafisha makaburi na sisi tumesafisha madaftari. Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi mpaka nikaipindua kutafuta nyingine mgongoni.

Nina habari mbili. Ya kwanza, katika majaribio nimepanda. Mwalimu wetu wa darasa, ambaye hutabasamu mara moja kwa mwaka, alitabasamu upande mmoja wa mdomo. Nikiendelea hivi naweza kupata chuo cha ualimu bila kuombaomba.

Ya pili inanishangaza zaidi. Mama siku hizi ananisikiliza. Jumapili tatu mfululizo nimezungumza dakika zote kumi na hakuna aliyeulizwa kuhusu pilipili. Naanza sentensi, naimaliza, na yeye bado yuko pale. Nilipomaliza ya kwanza sikujua niseme nini tena, maana sijawahi kufika huko. Labda ananionea fahari. Labda amezeeka. Hebu niambie wewe, unayemwona kila siku.

Unyevu wa huku umeotesha ukungu kwenye mkanda wangu. Nimempa jina.

Yuehe


Haikou, 12 Mei 2021

Yuehe,

Hii pia siitumi.

Leo boksi limefunguliwa. Mama yako alikuwa ameomba. Alisema mabakuli yaliyoletwa kantini ni membamba kuliko lile lililochaguliwa, basi walinganishe. Nami nilikuwa na lile lililokunjamana. Nililipeleka mezani kwa Mwalimu Pang mwenyewe, nikaliweka, nikakimbia. Kwa utaratibu wao hawakuweza kukataa. Nilifurahi, Yuehe. Nilidhani leo mambo yamekwisha. Niliwaza kwamba dirisha litafunguliwa, na wewe utamaliza mtihani bila kuwa na chochote cha kuambiwa.

Walikuwepo naibu mkuu wa chuo, Mwalimu Pang, Meneja Dai na mimi. Mama yako alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mkono umelazwa mapajani kama mtoto aliyelala. Nikalileta boksi kutoka stoo. Tangu Novemba lilikuwa rafu ya juu, karibu na bomba la maji ya moto. Mwalimu Pang alipachagua mwenyewe kwa sababu ndipo pakavu kuliko pote, na kitu chenye muhuri kisiote ukungu. Mihuri yote ilikuwa mizima. Majina yote matatu yalikuwepo. Naibu akaomba tuthibitishe, tukathibitisha.

Wakakata utepe.

Ndani hapakuwa na bakuli. Palikuwa na vipande, Yuehe, kama biskuti zilizokanyagwa. Mwalimu Pang alitia mkono kulitoa, likavunjika zaidi, likapita katikati ya vidole vyake likarudi boksini. Akaendelea kujaribu. Hakuna aliyemwambia aache. Wale watu wazima wote walikitia muhuri, wakakipa sahihi na kukipandisha rafu ya juu kabisa kitu walichokinunua kwa sababu kinaoza, na hakuna aliyewaza kwamba kitaoza. Wala mimi.

Kisha Meneja Dai akatabasamu. Alisimama kabisa. "Waheshimiwa, mmejionea wenyewe. Bidhaa yetu inaoza kweli." Na naibu akatikisa kichwa kukubali, na kuna mtu mlangoni aliyepiga makofi, nadhani kwa mazoea.

Nilimtazama mama yako. Alikuwa anautazama mkono wake.

Ripoti ilikuwa imeshachapwa tangu jana. Ilisema sampuli imelinganishwa na bidhaa, ubora ni uleule, kwa hiyo ajali imetokana na mwendeshaji kuzidisha moto. Meneja Dai akatia sahihi. Mwalimu Pang akafuta vidole kwa leso, akatia sahihi. Kalamu ikaja kwangu.

Nilitaka kutia, nakwambia kweli. Mkono ulikuwa umeshainama. Mama yako akasema kutoka mlangoni, polepole, "Tia sahihi, mwanangu. Una kazi yako."

Nikasema, "Sikuona bakuli. Nimeona makombo."

Sijui sauti ilitoka wapi, haikuwa kubwa. Mwalimu Pang akasema, "Mwalimu Fu, ni utaratibu tu." Nikamuuliza niandike kwamba nimeona makombo? Naibu akatazama saa. Nikaiweka kalamu juu ya karatasi, nikachukua birika, nikatoka, na nje nikagundua kwamba birika lilikuwa tupu.

Kesho nimeitwa ofisini.

S.


Danzhou, 16 Mei 2021

Shaoling,

Sasa niambie ukweli.

Mayai mawili. Mama yangu anaamini yai huharibu supu ya mifupa, amewahi kugombana na shangazi yangu kwa sababu hiyo hiyo wakaacha kusalimiana kuanzia mwaka mpya hadi katikati ya mwaka. Hakupasulii yai hata ukimlilia. Niliposoma sikuwaza, nilikuwa nimechoka. Jana nikaisoma tena barua yako. Nikaviweka pamoja, ile simu isiyo na wateja na yale mayai, nikaona kwamba tangu Machi mama yangu haongei nami akiwa dirishani. Anaongea kutoka mahali pasipo na mtu.

Nilitoka kwenye foleni ya chakula nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji. Nimewaza kila kitu. Nimewaza saratani. Nimemzika mara mbili, mara moja kwenye somo la fizikia. Unajua kilichoniuma? Si kwamba mama ananificha, huyo ni mama, kazi yake ni hiyo. Ni kwamba nilikuchagua wewe kwa sababu huwezi kudanganya, na wewe ukajifunza.

Mnadhani nikijua nitafeli. Mimi nakwambia nisipojua ndipo nitakapofeli, kwa sababu kila usiku nabuni msiba mpya. Niandikie lililotokea, lote, hata kama ni baya kuliko nilivyowaza.

Ila mama asijue kwamba najua. Jumapili nitaendelea kumaliza sentensi zangu na yeye ataendelea kunisikiliza. Mwache afurahi kwamba ameweza.

Yuehe


Haikou, 23 Mei 2021

Yuehe,

Ndani ya bahasha hii kuna barua mbili ambazo sikuzituma. Anza na ya Machi. Kaa chini kwanza. Hajafa, hana saratani, ni mkono. Nimeandika hili la kwanza ili usije ukasoma ukiwa umesimama.

Nisamehe mayai. Nilitaka kutia kitu kizuri kwenye barua na mimi napenda mayai.

Sasa nikumalizie yaliyobaki. Bila sahihi yangu ripoti haikufungika. Walitafuta shahidi mwingine, lakini kanuni zao wenyewe zinasema watu watatu walewale, na ile kanuni imebandikwa ukutani nyuma ya kiti cha Mwalimu Pang. Siku nzima walikuwa wakizunguka na karatasi ile. Mwisho wake naibu akachoka, wageni wa mkoa wanakaribia na hataki wakute ugomvi uko wazi. Wakaandika kwamba chanzo hakikuweza kuthibitika, na hiyo nikaitia sahihi. Chanzo kisipothibitika hakuna wa kulaumiwa, na asiyelaumiwa hanyang'anywi dirisha. Septemba mama yako anarudi. Nimeiona barua yake ikipigwa muhuri.

Wazazi wa yule msichana wametulia, mguu umepona. Meneja Dai bado anatuuzia mabakuli, haya mazito. Hilo sikuliweza.

Mimi sijambo. Kazi inakwenda vizuri. Mwalimu Pang hana kinyongo, alinipa chai mwenyewe, mara ya kwanza mtu kunimiminia ofisini. Usiwaze kuhusu mimi hata kidogo. Waza mtihani. Lala.

Rafiki yako, kama bado ni rafiki,
Shaoling


Haikou, 12 Juni 2021

Shaoling,

Barua hii naituma kijijini kwenu kwa sababu simu yako haipatikani, na kwa sababu nataka uisome ukiwa umekaa.

Mtihani umekwisha. Sijui nimepata nini, usiniulize, hakuna anayejua. Jana nilishuka kwenye basi na begi langu na ukungu wangu, nikaenda moja kwa moja Ofisi ya Huduma kabla ya kwenda kwa mama. Nilitaka nikukute mezani kwako, nikukaripie mbele ya watu, halafu nikukumbatie. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima.

Alikuwepo msichana nisiyemjua, ameshika birika. Nikamuuliza Mwalimu Fu yuko wapi. Akasema hapa hakuna Mwalimu Fu.

Nikarudia jina lako lote, nikadhani hajui. Akasema yeye ameanza kazi Juni mosi. Nilisimama pale kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani kwa makosa. Ukutani kuna kibao kipya cha shaba: chuo cha mfano katika ununuzi wa bidhaa za plastiki inayooza. Kinang'aa. Mwalimu Pang alitoka ndani akaniona, akajua mimi ni nani kabla sijasema, nadhani nafanana na mama. Aliniambia mkataba wako ulikatishwa ukarudi kijijini, kwamba ofisi inahitaji mtu anayeelewa kazi inavyokwenda. Akaongeza, "Alikuwa mwaminifu mno." Alilisema kama watu wanavyotaja ugonjwa uliomwondoa mtu.

Walikuambia lini? Usinijibu, nimemuuliza. Ni tarehe kumi na tatu Mei, ukapewa hadi mwisho wa mwezi. Ile chai aliyokumiminia ndiyo ya kukuaga. Na siku kumi baadaye ukaniandikia kwamba kazi inakwenda vizuri, na mimi niliyekamata mayai mawili, hapo sikukamata kitu. Niliingia kwenye mtihani nimetulia. Nililala. Nilikula. Niliandika insha nikiwa natabasamu, Shaoling, na wewe umesharudi kijijini kuchuma pilipili na mama yako, bila kumwambia mtu.

Nilikwenda kwa mama nikiwa nalia, akadhani nimefeli. Kisha nikauona mkono. Kusoma kwenye barua ni kitu kingine. Ngozi inang'aa kama karatasi ya pipi na vidole vitatu havikunjiki. Nilimwambia najua tangu Mei. Akasema na yeye alijua kwamba najua, kwa sababu tangu Mei nilikuwa namuuliza kama amekula, na maishani mwangu sikuwahi kumuuliza. Tukakaa tu, wote wawili tumeaibika.

Baadaye akaniambia upawa hawezi kuushika tena. Tambi anaweza kupima kwa mkono wa kushoto, supu hapana. Septemba atahitaji mtu wa kupakua na wa kuita majina dirishani. Nikasema nitabaki mimi. Akanipiga kichwani kwa mkono mzima, akasema mimi nakwenda chuo, hata kama ni cha kufundisha mbuzi.

Nikasema, "Basi Shaoling."

Aliinuka akaanza kuosha karanga kwa mkono mmoja.

Nikasema, "Lakini mama, yule hasemi. Wanafunzi watamla mzima. Dirisha linataka mtu wa kelele."

"Alisema siku moja," mama akajibu. "Inatosha."

Njoo.

Yuehe